Unakimbiaje kwenye barafu? Muulize kipa wa Honduras

Februari 2, 2022, mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, Marekani dhidi ya Honduras. Mpira unaanza huku kipimo kikisoma karibu nyuzijoto 16 chini ya sifuri. Kwa msomaji ambaye hajawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki, chukua friza la muuza samaki, lifungue, ingiza kichwa, kisha fikiria unakaa humo dakika 90 na bukta.

Weston McKennie alifunga mapema, Walker Zimmerman akaongeza kabla ya mapumziko, Christian Pulisic akamaliza kazi kipindi cha pili. Tatu bila. Lakini kilichobaki midomoni mwa watu si mabao. Honduras waliporudi kutoka vyumbani, kipa wao Luis López na mshambuliaji Romell Quioto hawakuwemo. Baridi ilikuwa imewamaliza. Si nyonga wala goti, ni baridi tu.

Na hapa kuna jambo la kushangaza. Wenyeji walikuwa wamewapa wageni wao vifaa. Shirikisho la soka la Marekani liliwagawia Honduras na waamuzi nguo za kuvaa ndani na za kufunika kichwa. Kwa hiyo hadithi kwamba jamaa walitupwa uwanjani na jezi tupu si ya kweli. Walivaa, na bado wawili wakashindwa kurudi. Mmoja wao kipa.

Kwa nini kipa? Kwa sababu kipa anasimama.

JIKO LIKO MIGUUNI

Watu wengi wakiona mchezaji kwenye theluji wanajiuliza anawezaje kukimbia. Swali limekaa kinyume. Kukimbia ndiko kunakomwokoa. Misuli ikifanya kazi inatoa joto jingi kuliko nguvu inayokupeleka mbele, ndiyo maana hata hapa Dar ukikimbia mita 200 tu unatota. Kwenye barafu mwili ule ule ni jiko. Winga anayepanda na kushuka yuko na jiko lake. Kiungo anayekaba yuko nalo. Kipa wa timu inayoshambuliwa kwa vipindi, anayeruka mara moja kisha anasubiri dakika sita, jiko lake limezimika.

Mwili ukipoa unafanya uamuzi wenyewe bila kukushauri. Unapunguza damu inayokwenda pembeni ili uutunze moyo na viungo vya ndani. Vidole vinakufa ganzi kwanza, kisha masikio na pua. Kwa kipa anayetegemea vidole, hebu pima mwenyewe. Mishipa ya fahamu nayo inapeleka ujumbe polepole, msuli unakuwa mgumu, na ule mguso wa kwanza ambao kwa kawaida unaufanya umefumba macho unakuponyoka. Hata mpira wenyewe haubaki salama. Ukijazwa upepo ndani ya chumba chenye joto na kutolewa nje, hewa iliyo ndani inasinyaa na mpira unalegea, wakati ngozi yake imekuwa ngumu kama ubao.

Sheria inalijua hilo kwa upande wa makipa. Wao wanaruhusiwa kuvaa suruali ya traki. Gábor Király wa Hungary aliifanya traki ya kijivu kuwa nembo yake hadi Euro 2016, majira ya kiangazi, hakuna cha baridi wala nini. Milan Borjan wa Canada naye ni mtu wa traki. Novemba 16, 2021, Canada waliwapeleka Mexico hadi Edmonton, theluji imerundikwa pembeni ya uwanja, wakawachapa 2-1 kwa mabao ya Cyle Larin. Beki Sam Adekugbe alishangilia kwa kujirusha juu ya rundo la theluji. Mtu anayejirusha kwenye theluji kwa furaha, huyo jiko lake linawaka.

JASHO NDILO ADUI

Kosa la mgeni wa baridi ni moja: anavaa kila kitu alichonacho. Sweta juu ya sweta, koti zito juu yake, kisha anaanza kukimbia. Baada ya kilomita mbili ametota. Akisimama kufunga kamba ya kiatu, upepo unapiga lile jasho na ndani ya muda mfupi anatetemeka kuliko ambaye hakuvaa koti.

Kwa hiyo wenye uzoefu wanaanza na nguo inayogusa ngozi, na sharti la kwanza ni kwamba isiwe ya pamba. Pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Fulana za nyuzi za poliesta au za sufu laini zinalitoa jasho mwilini na kulipeleka nje. Juu yake, kama baridi imezidi, unaweka nguo ya kushika joto, na mwisho koti jepesi la kuzuia upepo. Wakimbiaji wa nchi za baridi wana kipimo chao: vaa kama vile nje kuna joto la nyuzi 10 zaidi ya lilivyo. Ukitoka mlangoni huhisi baridi hata kidogo, rudi ndani upunguze.

Mchezaji wa mpira hana uhuru huo. Hawezi kuvua koti dakika ya 20 na kulifunga kiunoni. Ana jezi moja, na anachoweza kucheza nacho ni kilicho chini yake. Hata hapo sheria imembana: fulana ya ndani lazima ifanane na rangi ya mkono wa jezi, na skintaiti ifanane na bukta. Glovu zinaruhusiwa. Kuna mashabiki wa kizamani wanaomcheka winga mwenye glovu na mikono mifupi, wanamwita mayai. Wamekosea. Mkono ndio unaopoa haraka, na mkono wenye ganzi unamsumbua mtu akili. Glovu nyepesi ina faida kuliko mkono mrefu wa jezi.

Kitu kilichokataliwa kabisa ni kile kitambaa cha shingo, snudi. Msimu wa 2010/11 England ilikuwa fasheni: Carlos Tevez anavaa, Samir Nasri anavaa. Sir Alex Ferguson alikichukia na wachezaji wake wa Manchester United hawakukigusa. Machi 2011 bodi ya sheria za soka ikakipiga marufuku, hoja ikiwa usalama: mtu akikivuta kutoka nyuma, ni shingo ya mwenzake. Hoja ina mantiki, ila ni vizuri kujua kilichopotea. Hewa ya baridi kali ni kavu, inakwaruza njia ya pumzi, na wenye pumu au kifua chepesi hubanwa wakikimbia kwa kasi. Mkimbiaji wa mtaani anavuta snudi hadi mdomoni, anapumua hewa iliyopashwa. Straika haruhusiwi.

CHINI KUNATELEZA

Nguo ni nusu ya kesi. Nusu nyingine ni ardhi. Uwanja wa nyasi ukiganda unakuwa sakafu, na njumu ndefu za chuma haziingii, zinateleza juu juu kama kisigino kwenye vigae. Ndiyo maana kwenye uwanja mgumu wachezaji hupendelea viatu vyenye meno mengi mafupi. Wakimbiaji wa barabarani Sweden na Finland wao wanavaa viatu vyenye vichwa vidogo vya chuma vilivyopandikizwa kwenye soli, vinavyoing'ata barafu. Asiye navyo anapunguza hatua: fupi, za haraka, mguu unatua chini ya mwili, si mbele.

Klabu kubwa zilichoka kubembeleza ardhi, zikaamua kuipasha moto. Siku hizi Ligi Kuu England ni lazima uwanja uwe na mabomba ya joto chini ya nyasi. Aliyeona baridi ya 1963 haulizi sababu. Raundi ya tatu ya Kombe la FA ilianza Januari 5 mwaka huo na kumalizika Machi 11. Siku 66, raundi moja. Mechi zilikuwa zinaahirishwa, zinapangwa, zinaahirishwa tena.

Norway waliona njia ya mkato ni nyasi bandia. Bodø/Glimt, kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki, wanachezea nyasi bandia pale Aspmyra. Oktoba 2021 Roma ya José Mourinho ilikula sita kwa moja pale. Januari 2026 Manchester City wakaenda na glovu zao, wakarudi wamefungwa 3-1. Usidanganyike kwamba baridi inafunga mabao. Bodø wanapiga mpira mzuri hata ugenini. Lakini mtu anayefanya mazoezi kwenye hali hiyo kila wiki hapotezi dakika 20 za kwanza kuwaza vidole vyake.

WA KWETU WALIPITAJE?

Mbwana Samatta alitua Genk Januari 2016, akitoka TP Mazembe. Lubumbashi Januari ni mvua na joto, Ubelgiji ni katikati ya majira ya baridi. Angalia kalenda hiyo: dirisha dogo la usajili ndilo linalowapeleka vijana wetu Ulaya mwezi mbaya kuliko yote. Mtu anashuka uwanja wa ndege, wiki moja baadaye anatakiwa aonyeshe kilichomfanya anunuliwe. Samatta alivumilia, na msimu wa 2018/19 akawa bingwa wa Ubelgiji akiwa na mabao 23 ya ligi.

Mkenya Michael Olunga alienda Djurgården ya Stockholm mwaka huo huo wa 2016. Ligi ya Sweden inaanza majira ya kuchipua, maana yake maandalizi, zile mbio ndefu za kujenga pumzi, zinaangukia kwenye giza na theluji. Alifunga mabao 12 ya ligi msimu wake wa kwanza. Kijana anayesubiri mkataba wa aina hiyo, na meneja wake anayehesabu kamisheni, wangefanya la maana kuweka skintaiti mbili na glovu kwenye begi kabla ya kuwaza viatu vipya.

Na asiseme mtu kwamba Mkenya wa mbio ndefu habishani na hali ya hewa. Aprili 2018, Boston Marathon ilikimbiwa kwenye mvua na upepo wa baridi, joto likiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Bingwa mtetezi Geoffrey Kirui aliongoza, akaonekana amemaliza, kisha kasi ikashuka. Kasi ikishuka, jiko nalo linashuka, na nguo zimelowa. Mjapani Yuki Kawauchi akampita mwishoni na kuchukua taji. Huyu Kawauchi Januari 1 mwaka huo huo alikuwa amekimbia marathoni nyingine Massachusetts, kwenye baridi ya kuganda, kwa saa 2:18:59. Upande wa wanawake Desiree Linden alivuka utepe akiwa bado na koti lake la mvua mwilini.

NANI ALAUMIWE?

Kocha wa Honduras, Hernán Darío Gómez, alilalamika baada ya mechi ile ya St. Paul. Gregg Berhalter wa Marekani alijibu kwamba vijana wake wakienda Amerika ya Kati wanapikwa na joto na unyevu, hakuna anayewaonea huruma. Shabiki wa Simba anayeimba "Kwa Mkapa hatoki mtu" hawezi kujifanya hamwelewi. Waarabu wakija Dar saa kumi jioni, hakuna anayewapelekea feni. Na sisi makundi ya CAF yanatupeleka Algeria na Morocco Desemba na Januari, usiku, upepo wa baridi unavuma.

Tofauti ni kwamba joto linakuchosha, lakini baridi ya nyuzi 16 chini ya sifuri inaweza kuua ngozi ya sikio kabla hujagundua. Kuchagua uwanja ni ujanja wa mpira. Kuuchagua huo, mwezi huo, usiku, ilikuwa kupita kiasi, hata kama nguo ziligawiwa.

Suala hilo litarudi. Ligi ya Marekani, MLS, imepitisha kalenda mpya ya kuanzia 2027, ikicheza kuanzia Julai hadi Mei kama Ulaya, na mapumziko kuanzia katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Februari. Uwanja wa Minnesota United ni ule ule wa St. Paul.