Nishani aliyonyimwa askari wa Dar es Salaam mjini Berlin

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KILA siku abiria wa daladala kutoka Temeke na Kinondoni wanaoshukia Posta hupita jirani na Sanamu ya Askari, katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Sanamu hiyo ilizinduliwa na Waingereza mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Wapo wenyeji wa mji huu huu waliopigana upande wa pili, yaani katika jeshi la Wajerumani lililoitwa Schutztruppe. Mmoja wao aliomba nishani ya vita kutoka kwa serikali ya Ujerumani mwaka 1934. Akanyimwa.

Huyo ni Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa afisa wa Kisudani aliyetumikia jeshi hilo. Vita vilipozuka mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka 10 tu, lakini alichukuliwa jeshini pamoja na baba yake, akafundishwa kazi ya kupeleka ishara za mawasiliano. Mwezi Oktoba mwaka 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kusini mwa nchi, kisha akatekwa na Waingereza.

Ili kuelewa kwa nini ombi lake lilikataliwa, ni vema kwanza kufahamu jinsi nishani zilivyopata uhalali nchini Ujerumani kati ya vita vile viwili.

Ujerumani iliposhindwa mwaka 1918, ufalme ulianguka. Katiba mpya ya mwaka 1919, katika kifungu cha 109, iliizuia serikali kutoa nishani za heshima. Wakati huo huo nchi ilikuwa imejaa vikundi vya wapiganaji wa kujitolea vilivyoitwa Freikorps, ambavyo havikuwa sehemu kamili ya jeshi la dola. Vikundi hivyo vilijitungia beji na misalaba yao, vikawavisha watu wao.

Hivyo palikuwa na medali nyingi vifuani ambazo dola haikuzitambua. Mtu angeweza kuivaa nishani kwa fahari mbele ya wenzake, lakini mbele ya sheria ikawa ni pambo tu.

Kwa waliotumikia makoloni, serikali ilipata njia ya kupita pembeni. Mwaka 1922 ilianzisha Beji ya Makoloni, iliyochorwa tembo na mnazi, na ambayo watu waliizoea kwa jina la Nishani ya Tembo. Kwa kuitwa beji badala ya nishani, haikugongana moja kwa moja na Katiba.

Mambo yalibadilika baada ya Adolf Hitler kushika madaraka. Sheria ya Aprili 7, 1933 iliirudishia serikali mamlaka ya kutoa nishani. Baadaye medali nyingi za Freikorps zilipigwa marufuku, lakini mbili zikaruhusiwa kuvaliwa: Tai wa Silesia na Msalaba wa Baltiki. Kwa maneno mengine, vita vilikuwa vile vile na wapiganaji ni wale wale, ila sasa dola ndiyo iliyochagua ni nani akumbukwe.

Julai 13, 1934, Rais Paul von Hindenburg alianzisha Msalaba wa Heshima wa Vita Kuu. Ulikuwa na madaraja matatu: la waliopigana mstari wa mbele, la waliotumikia bila kupigana, na la wajane na wazazi wa waliouawa. Haukuletwa nyumbani; mhusika alitakiwa kuuomba na kuthibitisha utumishi wake. Zaidi ya watu milioni nane waliupata, wakiwemo maaskari wa zamani wa Kiyahudi, ambao utawala huo huo ulikuwa umeanza kuwatesa.

Husen naye aliomba. Wakati huo alikuwa akiishi Berlin, alikofika mwaka 1929 akiwa mhudumu wa meli. Alipofika alidai mshahara wa vita wake na wa marehemu baba yake, akajibiwa kwamba muda wa madai umekwisha. Aliishi kwa kazi ya uhudumu katika mgahawa, kufundisha Kiswahili na kuigiza filamu.

Safari hii hoja haikuwa muda. Jibu la ofisi za serikali lilikuwa kwamba nishani hiyo haitolewi kwa watu weusi. Jeraha la Mahiwa halikuhesabiwa.

Pamoja na hayo, picha za miaka hiyo zinamwonyesha Husen akiwa amevaa sare ya askari, nishani kifuani, katika mikutano ya Wajerumani waliotaka makoloni yao yarudishwe. Walimhitaji kama ushahidi kwamba Waafrika walikuwa watiifu kwa bendera yao. Kifua chake kilifaa kwa maonyesho, lakini jina lake halikufaa kwenye daftari.

Mwaka 1941 alionekana katika filamu ya Carl Peters, mkoloni ambaye wenyeji wa nchi hii walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia huko Novemba 24, 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo lenye jina lake liliwekwa barabarani mjini Berlin, mbele ya nyumba aliyowahi kuishi.

Kisa hiki hakiwafanyi maaskari wa Schutztruppe kuwa mashujaa wa taifa. Jeshi hilo ndilo lililozima Vita vya Majimaji kati ya mwaka 1905 na 1907, kwa kuchoma vijiji na mashamba hadi njaa ikaua umati wa watu. Familia nyingi za kusini zinaikumbuka sare hiyo kwa uchungu, na zina haki.

Lakini kinaonyesha kwamba medali ina sehemu mbili: chuma kinachoonekana, na hati inayosema nani alipewa, lini na kwa nini. Chuma kinaweza kununuliwa dukani. Hati hutolewa na mwenye mamlaka, naye anaweza kuinyima.

Kwa sababu hiyo, familia zenye medali au karatasi za mababu waliotumikia Wajerumani au Waingereza zisizitenganishe vitu hivyo, wala zisikimbilie kuvisugua au kuviuza. Makumbusho ya Taifa na Nyaraka za Taifa, zote za hapa Dar es Salaam, ni mahali pa kuanzia kwa anayetaka kujua alichorithi. Nyaraka za Taifa zinahifadhi majalada ya utawala wa Wajerumani hadi leo.

Ukoo unaotunza karatasi hizo, hata zile za ombi lililokataliwa, unabaki na ushahidi kwamba mtu wao alikuwepo.