Jina Liachwe, Kosa Litajwe

Katika hospitali zinazohudumia wakazi wa Kitale na Bungoma, kama ilivyo kote nchini Kenya, kila kifo cha mama kinachotokea katika ujauzito, wakati wa kujifungua au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kumalizika, kwa sababu zinazohusiana na ujauzito huo, hutakiwa kujadiliwa na wataalamu ili ijulikane kama kingeweza kuzuiwa. Mjadala huo huitwa mapitio ya vifo vya uzazi, nao una kanuni iliyoenezwa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2004, kwamba hapatajwi jina wala halaumiwi mtu.

Kinacholetwa mezani ni mwenendo wa matukio: mama alifika saa ngapi, alipokewa na mhudumu wa cheo gani, damu ilipoagizwa ilichukua muda gani kufika, na kama patografu, yaani chati ambayo mkunga huijaza akifuatilia uchungu, mapigo ya moyo wa mtoto na kufunguka kwa mlango wa kizazi, ilijazwa wakati huo huo au ilijazwa baadaye kwa kukisia. Ucheleweshaji hugawanywa katika aina tatu, kwa mpango uliotolewa na watafiti Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Kwa mama anayeteremshwa kutoka Mlima Elgon wakati wa masika, barabara hubeba lawama kubwa. Lakini ni aina ya tatu inayodai ujasiri, kwa kuwa wanaoijadili ndio waliokuwa zamu.

Kanuni ya kutotaja jina inamhusu pia marehemu: siri ya mgonjwa inalindwa na Ibara ya 31 ya Katiba na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayozihesabu habari za afya kuwa nyeti. Hata hivyo, katika mji ambao watu wanajuana, kuficha jina pekee hakutoshi, maana kijiji, idadi ya watoto na kazi ya mume vyaweza kumtambulisha marehemu mara moja. Kwa hiyo kijiji kitajwe pale tu umbali wake unapoeleza jambo.

Lakini siri hiyo haikuwekwa ili kuficha uovu. Mwezi Agosti 2013, miezi michache tu tangu huduma za kujifungua zifanywe bure katika hospitali za umma, mwanamke mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma, akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kuwa haki na utu wake vilikiukwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Shauri la namna hiyo mahali pake ni mahakamani, na hakuna kikao cha wataalamu kinachopaswa kulifunika.

Kwa vikao vyenyewe, serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zihakikishe kwamba hakuna kikao kinachofungwa kabla ya kuandikwa nani atarekebisha nini, na kufikia tarehe gani.