Kimeng'enya Kipimwe kwa Kiwavi, Si kwa Chupa

Kiwavijeshi vamizi alithibitishwa kuingia barani Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa tayari kwenye mahindi ya Kenya na Tanzania. Wakulima wengi wadogo wamemkabili kwa viuatilifu vya kemikali, mara nyingi bila glavu wala barakoa. Kiwavi mwenyewe hujificha katikati ya majani machanga, mahali ambapo dawa humfikia kwa shida. Kutafuta njia nyingine ya kumdhibiti ni haja ya chakula na ya afya.

Njia mojawapo inatokana na bakteria. Gamba la mdudu limejengwa kwa kitini, dutu ambayo Mfaransa Henri Braconnot aliitambua kwenye uyoga mwaka 1811. Kitini kimo pia katika utando unaozunguka chakula ndani ya utumbo wa kiwavi na kuzikinga seli zake. Mwili wa binadamu hauna kitini, wala mmea wa mahindi. Bakteria kama Bacillus subtilis, Serratia marcescens na jamii ya Streptomyces hutengeneza kimeng'enya cha kukivunja, yaani kitinesi. Kikichanganywa na Bacillus thuringiensis, ambaye sumu yake hushambulia seli za utumbo, kitinesi huutoboa ule utando na sumu ikapata njia. Nchini Kanada mchanganyiko huo ulijaribiwa dhidi ya viwavi wa misitu tangu miaka ya 1970.

Kikwazo ni kiasi. Bakteria akipata glukosi hana haja ya kuhangaika na kitini kigumu, hivyo hupunguza au kusitisha utengenezaji wa kitinesi. Akikosa sukari rahisi na kukutana na kitini, huanza kazi. Kwa hiyo mtafiti hupanga lishe yake kwa makini: kitini kiasi gani, nitrojeni kutoka wapi, chumvi zipi, pH ipi, joto gani, mtikiso wa kasi gani na kwa saa ngapi.

Zamani ilizoeleka kubadili jambo moja na kuyaacha mengine vilevile. Njia hiyo hupotosha, kwa sababu joto linalofaa huweza kubadilika pH ikibadilika. Mwaka 1946 wanatakwimu Plackett na Burman walionyesha kwamba majaribio 12 yanatosha kuchuja mambo hadi 11 ili kuona yapi yana uzito, ilhali kujaribu kila mchanganyiko wa mambo hayo katika viwango viwili tu kungehitaji majaribio 2,048. Mwaka 1951 Box na Wilson waliongeza mbinu ya kutafuta, kwa mlinganyo, mahali mavuno yanapofikia kilele. Kwa maabara yenye bajeti ndogo, hesabu hizi ni msaada mkubwa.

Malighafi nayo ipo karibu. Kamba huvuliwa katika delta ya Rufiji na Ghuba ya Ungwana, na maganda yao yamejaa kitini, protini na kalsiamu kaboneti. Hata hivyo, maabara nyingi hulisha bakteria kitini kilicholainishwa kwa asidi kali, kazi yenye gharama na taka za hatari. Bakteria anayeridhika na ganda lililosagwa tu ana thamani zaidi kwetu, hata kama mavuno yake ni madogo kidogo.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ripoti nyingi huishia kwenye idadi ya uniti za kimeng'enya kwa mililita, kana kwamba kiwavi anaishi ndani ya chupa. Utumbo wa viwavi wa nondo una ualikali mkali, pH ya 9 hadi 11, ilhali kitinesi nyingi za bakteria hufanya kazi vizuri zaidi kwenye pH ya 5 hadi 8. Kimeng'enya kilichovunja rekodi kwenye pH 6 kinaweza kuzorota pale hasa kinapohitajika. Jua na joto la ghala huweza kukidhoofisha kabla hakijafika kwenye jani. Usalama nao una sharti lake: Serratia marcescens hutoa kitinesi kwa wingi, lakini pia husababisha maambukizi kwa wagonjwa hospitalini, hivyo hafai kupulizwa akiwa hai. Na kwa kuwa nyuki pia ana kitini, lazima naye apimwe mapema.

Vyuo vikuu, taasisi za kilimo na wafadhili wa utafiti waanze na kiwavi, kisha warudi maabara. Wachague bakteria salama ambaye kimeng'enya chake kinahimili ualikali, wamlishe maganda ya pwani, na matokeo wayaandike kwa lugha ya shamba: viwavi wangapi wamekufa, kwa shilingi ngapi kwa ekari. Utafiti usiojibu maswali hayo mawili bado haujamfikia mkulima.