Nyama Choma si ya Baba Peke Yake

Akina mama wenzetu, tuseme ukweli. Katika nyumba nyingi nyama choma ni chakula cha baba. Jumamosi jioni hupita na rafiki zake kwenye bucha lenye jiko nyuma, akarudi ameshiba, na sisi na watoto tumekula maharage. Tukiulizwa mbona hatuendi, tunasema pale ni mahali pa wanaume, na kwamba steki nzuri ni ya hoteli kubwa zenye vitambaa vyeupe mezani.

Mmoja wetu alipomweleza mumewe hayo, mume alishangaa. Hakuwa amekataa, hakuwahi kuombwa. Basi tukaenda familia tatu pamoja, Jumapili mchana baada ya ibada. Mchana ni saa nzuri, walevi bado hawajafika.

Viti ni vya plastiki, na kijana anapita na birika na beseni kunawisha mikono. Hakuna anayekutazama ukila kwa vidole. Lakini nyama ni ile ile ambayo hoteli huiandika kwa jina la kigeni na bei yake. Unaiona inaning'inia, unaonyesha, inapimwa mbele yako, ndipo inakwenda motoni.

Hapo ndipo mama anapohitajika, maana mwenye macho ya sokoni ni yeye. Kwanza tafuta muhuri wa mkaguzi wa nyama, kwa sababu minyoo tegu huingia kwa nyama ya ng'ombe isiyokaguliwa na isiyoiva. Nyama njema haina harufu mbaya wala utelezi. Ukitaka laini omba sarara, ile ya mgongoni, ambayo ng'ombe haitumii sana kutembea. Mguu na shingo ni vya kuchemsha. Mbavu ni tamu, ila kumbuka mfupa nao unaulipia. Nundu husifiwa sana. Sisi tunaona ni mafuta matupu, lakini akina baba hawasikii.

Siku ile sinia la kwanza lilikuja nyama nyeusi nje, mbichi ndani. Mwenzetu mmoja alikuwa mjamzito. Tukairudisha. Akina baba waliona aibu, sisi hatukuona. Mjamzito na mtoto mdogo wale nyama iliyoiva kabisa, isiyo na wekundu katikati. Tena tazama ubao: ubao na kisu vilivyokata nyama mbichi visikatie iliyoiva kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Watu wengi wanaolaumu pilipili kwa kuharisha wangelaumu ubao.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wauguzi tunaliona kila siku kliniki: wanawake waliopauka, wanaochoka kwa kupanda ngazi chache. Kwa viwango vya lishe vya Marekani, mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku. Mwanamume anahitaji 8. Mjamzito anahitaji 27. Chuma cha nyama mwili hukipokea kwa urahisi kuliko kile cha mboga, na limau na nyanya za kachumbari husaidia hata kile cha mboga kipokelewe. Sasa fikiri ni nani anayekaa mbele ya sinia la nyama, na ni nani aliyebaki nyumbani.

Hatusemi mle nyama kila siku. Mfuko wa kimataifa wa utafiti wa saratani unashauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, na sehemu zilizoungua kuwa makaa ni afadhali kuzikata. Kilo moja mbichi ikichomwa hubaki kama gramu 700. Tulikuwa watu kumi na wanne, tukaagiza kilo tatu, ndizi za kuchoma na kachumbari nyingi. Watoto walishiba ndizi kabla nyama haijaja, kwa hiyo ilibaki.

Jumamosi iliyofuata mume yule alipita tena buchani na rafiki zake. Alirudi mapema, na furushi mkononi limefungwa kwa gazeti, bado moto. Mkewe alimsamehe lile gazeti, ingawa wino wake si wa kuliwa.