Kizunguzungu: Mgonjwa Aulizwe Kabla ya Kupimwa

Kila mwaka magazeti hujaa habari za Siku ya Shinikizo la Damu Duniani, Mei 17, na huku Masama kila mwenye kizunguzungu anataka afungwe mashine ya presha. Hofu hiyo ina msingi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani kwetu Hai na Dar es Salaam, na presha ni chanzo kikubwa cha kiharusi. Ila mashine haimwulizi mgonjwa kitu.

Sikio la ndani lina mifereji mitatu, na kizunguzungu huweza kuanzia humo. Leo namleta Robert Bárány, daktari wa masikio wa Vienna. Alipokuwa akisafisha masikio kwa maji, wagonjwa walishikwa na kizunguzungu na macho yao yakacheza upande mmoja. Mmoja akamwambia kwamba kizunguzungu humpata maji yakiwa ya baridi tu. Bárány hakumpuuza. Akaagiza maji ya moto. Kizunguzungu kikaja vilevile, lakini sasa macho yakacheza upande wa pili. Kwa neno la mgonjwa akapata kipimo cha sikio la ndani kinachotumika hadi leo! Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 ilimkuta akiwa mateka wa vita Urusi, hata Mwanamfalme Carl wa Sweden akamwombea, akaachiwa mwaka 1916. Mwaka 1921 akaeleza kizunguzungu kinacholetwa na mkao wa kichwa.

Ndicho kinachompata mama anayeinua uso kukata mkungu wa ndizi, au akigeuka kitandani: dunia inazunguka kwa muda usiofika dakika, kisha inatulia. Chembe ndogo za chokaa zimehama sikioni, na daktari anayejua huzirudisha kwa kumlaza na kumgeuza kichwa. Vidonge vya presha havimsaidii. Mwingine huona giza akisimama: apimwe amelala, kisha amesimama, pengine dawa zimemzidi. Aliyewahi kuchomwa streptomaisini ya kifua kikuu naye aulizwe, maana huumiza sikio la ndani.

Mhudumu asiyeuliza hayo kwa kisingizio cha foleni anamdhulumu mgonjwa. Nasi tunaogawiana vidonge na majirani tunajidhulumu wenyewe.

Kizunguzungu cha ghafla chenye ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kutembea kisingoje asubuhi. Mpelekeni mgonjwa hospitali, Machame au KCMC, usiku huohuo.