Jerikeni moja yatosha kusafisha filamu kubwa nyumbani

Huenda una kamera ya zamani inayotumia filamu za vipande, zile za inchi 4 kwa 5, na unapanga kwenda nyumbani Muthetheni likizo hii umpige nyanya picha. Marafiki zako wa Nairobi watakuuliza giza la kusafishia filamu utalipata wapi. Giza! Usiku usio na mwezi, Muthetheni ina giza la kugawia majirani. Tafuta chumba cha ndani kisicho na dirisha, tundika blanketi mlangoni, kisha uketi humo dakika 10. Ikiwa bado huioni karatasi nyeupe uliyoishika mkononi, giza limetosha. Taabu ya giza iko mjini, ambako taa za barabarani hupenya kila ufa.

Taabu ya Muthetheni ni maji. Vitabu vingi vya upigaji picha viliandikwa na watu wenye mifereji isiyokauka. Vinakuambia kwamba ukimaliza dawa, uiache filamu chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20. Mfereji ukitoa lita 3 kwa dakika, hizo ni lita 60, yaani jerikeni tatu za lita 20. Katika Ukambani, ambako maji mara nyingi huja kwa mgongo wa punda au wa mama, ni nani atakayethubutu kumwaga jerikeni tatu kwa ajili ya picha chache? Basi chagua njia yako kwa kutazama maji kwanza.

Njia ya kale ni ya trei tatu: ya dawa ya kusafishia, ya maji matupu, na ya fiksa, dawa inayoikaza picha isiharibiwe na mwanga. Katika giza totoro, shika kipande kikiwa kimesimama wima. Vikato vidogo ukingoni vikiwa pembe ya juu mkono wa kulia, upande wenye dawa unakutazama. Loweka vipande katika maji dakika moja, kimoja kimoja visigandane, kisha uviingize katika dawa. Chomoa cha chini kabisa, kiweke juu, uendelee hivyo polepole. Kucha ndefu ni adui hapa. Anza na kimoja, na usizidishe vinne mpaka mikono izoee. Simu iache nje, kwani mwanga wa kioo chake utaunguza kila kitu. Mwambie mtoto mwenye saa akae mlangoni akutajie dakika kwa sauti. Kazi hiyo huipenda mno.

Mimi ningependelea njia ya paipu. Katika duka la vifaa vya ujenzi nunua kipande cha paipu ya plastiki ya inchi 1.5, urefu wa inchi 6, na vifuniko viwili. Gundisha kimoja. Filamu hukunjwa ndani, upande wenye dawa ukitazama katikati, bila kujipanda. Mililita 60 za dawa zatosha, mradi paipu ilale na uizungushe bila kukoma ndani ya karai la maji. Lakini jihadhari: paipu nyeupe hupitisha mwanga. Ipake rangi nyeusi, au ufanye kazi yote gizani. Baada ya fiksa itoe filamu uioshe katika bakuli, kwa sababu mgongo wake ulioshikamana na paipu hubaki na rangi.

Sasa joto. Filamu ya Ilford FP4 Plus katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa huhitaji dakika 8 na nusu kwenye digrii 20. Mwezi wa Julai asubuhi utazipata digrii hizo bila jasho. Februari hutazipata. Kila digrii inayozidi, punguza muda kwa kama asilimia 10, lakini usishuke chini ya dakika 5, maana picha itatoka na mabaka. Dawa ya kujikinga na hilo iko jikoni: mtungi wa udongo. Maji yanayotokeza jasho kwenye kuta zake huupoza, na hewa kavu ya Ukambani husaidia sana. Yachote maji ya karai humo.

Kuhusu kuosha, Ilford wana njia ya kubana maji kwa wanaotumia tangi lililofungwa: jaza maji, pindua tangi mara 5, mwaga, jaza tena, pindua mara 10, mwaga, jaza mara ya tatu, pindua mara 20. Kwa tangi la nusu lita, hiyo ni lita moja na nusu tu! Kwa bakuli, badilisha nusu lita mara 7, kila mara dakika 2 ukitikisa. Hata hapo hujafika lita 4. Maji ya visima virefu huko aghalabu yana chumvi, nayo huacha madoa meupe yakikauka, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati. Desemba, baada ya mvua za vuli, matangi huwa nayo. Ning'iniza filamu kwa kibanio cha nguo ndani ya nyumba, mbali na vumbi jekundu, wala usiifute kwa kitambaa.

Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha. Usiimwage shambani wala karibu na kisima, na usiiweke kamwe katika chupa ya soda, kwani watoto watainywa. Itie katika jerikeni yake, iandike kwa herufi kubwa, uirudishe nayo mjini na kuuliza katika maabara ya picha au hospitali ambayo bado husafisha eksirei kwa dawa kama wataipokea.