Nguvu za injini si hoja ikiwa gari halishiki barabara

MNUNUZI wa gari la kasi aghalabu huuliza swali moja tu: je, injini ina nguvu kiasi gani? Swali hilo ni la haki, ila halitoshi. Gari linalokimbia lakini lisiloshika barabara kwenye kona, wala kusimama upesi dereva akanyagapo breki, ni mtego wa mauti.

Chukua mfano wa Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba, iliyoanza kuuzwa Ulaya mwaka wa 2013. Injini yake ya lita mbili, yenye turbo, ilitoa nguvu za farasi 220. Aliyelipa ziada alipata toleo la nguvu 230, na muda wa kufikia kasi ya kilomita 100 kwa saa ukapungua kutoka sekunde 6.5 hadi 6.4 pekee.

Thamani ya pesa hizo ilikuwa kwingine. Toleo hilo lilikuwa na breki kubwa zaidi, pamoja na difu inayodhibitiwa kielektroniki. Gari likipinda kwa kasi, difu hiyo hupeleka nguvu zaidi kwenye gurudumu la nje, ili lile la ndani lisizunguke bure.

Kifaa kingine kilichouzwa kwa malipo ya ziada ni shokabzoba zinazojirekebisha. Katika shokabzoba ya kawaida, bastola hupita ndani ya mafuta ili kutuliza mtikisiko, na ugumu wake huamuliwa kiwandani. Ikiwa laini, abiria hustarehe lakini gari huyumba konani. Ikiwa ngumu, gari hutulia konani, lakini kila shimo husikika mgongoni.

Shokabzoba zinazojirekebisha huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Vihisio hupima mwendo wa magurudumu na wa bodi, kisha kompyuta hufungua au kubana vali za mafuta. Dereva naye huchagua hali ya starehe, ya kawaida au ya kasi.

Kuna pia mbinu isiyotegemea vali hizo, iitwayo MagneRide, iliyotumiwa kwanza katika Cadillac Seville STS ya mwaka wa 2002. Mafuta yake yana chembechembe za chuma. Umeme ukipitishwa, chembe hizo hujipanga kwa nguvu za sumaku na mafuta huwa mazito papo hapo.

Haya yanamhusu Mkenya kwa sababu magari mengi huletwa nchini yakiwa yametumika ng'ambo, na sheria huruhusu yale yasiyozidi umri wa miaka minane. Kufikia wakati huo, huenda shokabzoba zimechakaa, na hizi za kielektroniki ni ghali kuliko za kawaida. Fundi akifunga za kawaida bila kurekebisha mfumo, kompyuta huenda ikawasha taa ya onyo, na kitufe cha kuchagua hali kisiwe na kazi tena.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, bonyeza kitufe hicho na uendeshe gari kwenye barabara mbovu ili uhisi tofauti. Chungulia kama shokabzoba zinavuja mafuta. Kagua pia breki na tairi kabla ya kufikiria kuongeza nguvu za injini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na barabarani ukuta huo hujengwa kwa uhai wa watu.